Matumbawe Yanayoliwa Tangini: Mjue Mla Kabla ya Kununua Dawa

Wafugaji wa matumbawe huniletea swali moja kwa sura nyingi. Tumbawe limepauka upande mmoja, au limekunja polipu zake tangu juzi. Picha imepigwa kupitia kioo, na chini yake: nitie dawa gani? Mwenye tangi la lita 60 sebuleni Dar es Salaam anauliza hivyo, na mwenye tangi la lita 600 Dubai anauliza hivyo hivyo.

Jibu langu halibadiliki, ingawa haliwapendezi wenye haraka: usitie dawa yoyote tangini mpaka uwe umemwona anayekula. Kila mharibifu ana dawa yake. Inayomuua mmoja haimgusi mwingine, na nyingine zitaua kamba, kaa na vijidudu vyema vinavyolisafisha tangi lako usiku kucha.

La pili huwaangusha hata wale waliokwisha kumtambua mla. Dawa za kuchovya huua wakubwa, haziui mayai. Aliyechovya mara moja akadhani amemaliza kazi atakutana na kizazi kipya baada ya wiki mbili au tatu, na atasema dawa ni feki. Dawa haikuwa feki. Kalenda ndiyo iliyosahauliwa.

Kwanza: je, kweli linaliwa?

Matumbawe mengi yanayodhaniwa kuliwa yanaumwa maji. Kabla ya kutafuta mnyoo, pima:

- Joto: nyuzi 25 hadi 26, lisilopanda na kushuka ovyo. Kwenye miji yetu ya pwani tatizo ni maji kuchemka mchana, hasa umeme ukikatika na feni zikasimama.
- Chumvi: gramu 35 kwa lita moja, yaani karibu 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji.
- Alkalini: dKH 7 hadi 9. Kuruka kwa dKH moja na zaidi ndani ya siku moja kunaiumiza acropora, tumbawe lenye matawi, kuliko namba yenyewe.
- Nitrati na fosfati: zisiwe nyingi, lakini zisiwe sifuri pia. Tumbawe lenye njaa hupauka vilevile.

Kama kipimo kimoja kiko nje, kirekebishe taratibu na usubiri wiki moja kabla ya kumshuku mdudu.

Tofauti hizi husaidia:

- Tishu inayobanduka kuanzia kitakoni kwenda juu, kwa usawa, kwa haraka, bila alama za meno: mara nyingi ni maji au maradhi.
- Madoa meupe ya duara yaliyotawanyika, kama milimita chache kila moja: linaliwa na minyoo bapa.
- Ukingo mweupe unaosogea siku hadi siku kwenye tumbawe la montipora: konokono wasio na gamba.
- Polipu zimejificha wiki nzima lakini rangi ipo: kunguni wekundu, au kuna kitu kinacholigusa kila mara, hata samaki au kaa.
- Tumbawe limekunjamana upande mmoja tu: tazama jirani yake, huenda ni anemoni inayolichoma.

Ukaguzi wa kweli hufanyika usiku. Subiri saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni ili wanyama wasikimbie, kisha tazama chini ya matumbawe na kwenye vitako vyake. Uwe na kioo cha kukuzia, au lenzi ndogo ya kubana kwenye simu. Na uwe na kipulizio cha mkono, lile bomba la plastiki lenye kichwa cha mpira cha kuminya. Zima pampu, pulizia tumbawe kwa nguvu kutoka pembe zote, uone kinachopeperuka. Hakuna chombo cha bei ndogo kitakachokufaa zaidi ya hicho.

Mlangoni ndipo vita huishia

Waharibifu hawazuki tangini wenyewe. Waliingia na kipande ulichonunua, au ulichopewa na rafiki, na wengi walikuwa kwenye kitako, yaani kile kidonge cha saruji au kauri kilichogundishiwa kipande. Kwa hiyo nitakaa hapa kwa kirefu, kwa sababu dakika arobaini za siku ya kwanza zinakuondolea miezi ya kuchovya.

1. Andaa mabeseni matatu meupe ambayo hayatarudi jikoni kamwe. Moja la dawa, mawili ya kusuuza, yote yakiwa na maji ya tangi lako. Jeupe, ili uone kitakachoanguka.
2. Weka mfuko uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Maji ya mfuko yasiingie tangini hata kijiko.
3. Kipindue kipande chini ya taa kali. Tafuta mayai: vikundi vya nukta za kahawia au nyeupe vilivyobandikwa mahali palipokufa, si juu ya tishu hai.
4. Kikate kipande kutoka kwenye kitako, pale tishu hai inapoanzia. Kitako kitupe. Usikionee huruma, hata kama kimeota mwani mzuri wa zambarau.
5. Changanya dawa ya kuchovya kwa kipimo cha kibandiko. Dakika 5 hadi 10 hutosha kwa nyingi. Kila dakika moja pulizia kipande kwa kipulizio. Dawa huwalegeza, upepo wa maji ndio unaowang'oa.
6. Soma beseni. Ukiona vitu vilivyokunjamana chini, vipige picha kabla ya kumwaga. Picha hiyo itakuambia ujiandae kwa nani.
7. Suuza mara mbili, kila mara kwenye beseni lake. Maji ya dawa mwaga chooni.
8. Gundisha kipande kwenye kitako kipya kwa gundi ya supaglu ya jeli, kisha kipeleke karantini.

Tangi la karantini halihitaji kuwa la fahari. Lita 30 au 40, pampu ndogo, taa ya kutosha, na kubadilisha maji kila wiki. Wiki 6 ndicho kipindi cha chini ninachokiamini, na katika kipindi hicho utachovya tena kila siku 5 hadi 7. Ukiwa na samaki wa thamani, ongeza muda: vimelea vya madoa meupe ya samaki husafiri vikiwa vimejibandika kwenye mawe na vitako, na wafugaji wengi makini hungoja hadi siku 76 bila samaki.

Hapa maswali huanza.

*"Muuzaji amesema ameshavichovya."* Huenda ni kweli. Muulize lini, kwa dawa gani, mara ngapi, na kama vilirudi kwenye tangi lilelile lenye matumbawe mengine. Akijibu vizuri, mshukuru, halafu uchovye tena.

*"Sina nafasi ya tangi la pili."* Ndoo safi ya lita 20 yenye pampu na taa, juu ya kabati, inaweza kuhifadhi vipande viwili vitatu. Kama hata hiyo haiwezekani, basi kitako kitupwe bila msamaha, kipande kikaguliwe kwa kioo cha kukuzia, na kiwekwe kwenye kijukwaa cha mchangani ambacho utaweza kukiinua kila wiki. Usikigundishe mwambani mwezi wa kwanza.

*"Dawa si itaua tumbawe lenyewe?"* Ikitumiwa kwa kipimo na saa mkononi, matumbawe mengi huvumilia. Linaloua ni kuongeza kipimo "ili ifanye kazi vizuri", na kusahau kipande ndani ya beseni wakati unaongea na simu. Tumbawe ambalo tishu zake zimeanza kubanduka likatwe sehemu hiyo kwanza. Anemoni unazozifuga usizichovye kwenye dawa hizi.

Neno kuhusu aina za dawa. Zipo zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea, zipo za kloridi ya potasiamu, na ipo iodini ya Lugol. Iodini inafaa kwa kidonda kilichokatwa karibuni. Wanaoitegemea peke yake dhidi ya minyoo bapa huangushwa. Wengine huchovya kwenye dawa ya wadudu wa bustani yenye imidacloprid na cyfluthrin. Inaua kweli, hilo silipingi. Lakini ni sumu kwa mtu, na tone lake likiingia tangini litamaliza kamba na kaa wote. Katika nyumba yenye watoto, na beseni likiwa juu ya meza ya jikoni, siishauri.

Minyoo bapa ya acropora

Huyu ndiye anayewatoa watu machozi. Jina lake la kisayansi ni Prosthiostomum acroporae, na kabla ya hapo aliitwa Amakusaplana acroporae alipoelezwa rasmi mwaka 2011. Anakula acropora tu. Kwa kuwa rangi ya chakula huonekana ndani ya mwili wake laini, anafanana na tumbawe analolikalia kiasi kwamba unaweza kumtazama ana kwa ana usimwone. Unachokiona ni alama za kinywa chake, yale madoa ya duara, na rangi ya tumbawe inayofifia kidogo kidogo kutoka chini.

Mayai yake ni ya kahawia, hutagwa kwa makundi kwenye kiunzi kitupu karibu na tishu hai. Kwenye maji ya nyuzi 27 huchukua takriban wiki moja na nusu kuanguliwa, na kadiri maji yanavyopoa ndivyo muda unavyorefuka. Kutoka yai hadi mnyoo anayetaga ni zaidi kidogo ya mwezi mmoja. Ukizijua namba hizo, mpango unajipanga wenyewe:

- Toa acropora zote. Zote, hata ile inayoonekana nzima. Ukibakisha moja umewawekea mezani.
- Kata na utupe sehemu yoyote iliyokufa yenye mayai. Usikwangue tu, baadhi yatabaki kwenye vijitundu.
- Chovya kila siku 5 hadi 7, kwa wiki 6 mpaka 8, hata kama wiki ya tatu hukuona kitu. Nia ni kumkuta kila anayeanguliwa kabla hajafikia kutaga.
- Wakati huo tangi kuu libaki bila acropora. Watakaoanguliwa humo hawana kingine cha kula.
- Zirudishe tu baada ya kuchovya mara tatu mfululizo bila kuona mnyoo wala yai.

*"Zangu zimeshikamana na mwamba, hazing'oki."* Basi una njia mbili. Ya kwanza: kata matawi ya juu yenye afya, yatibu, na uliache shina life. Inauma, lakini ndiyo ya uhakika. Ya pili: pulizia kila acropora kila siku huku samaki wanaowinda minyoo wakiwa tayari. Samaki mdogo mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, ambaye yupo pia kwenye miamba ya pwani yetu, huwala, na watafiti wamemjaribu pamoja na kamba wa jamii ya Lysmata wakaona minyoo ikipungua. Kupungua siyo kuisha. Samaki huyo akizeeka huwa mkorofi kwa samaki wapole, kwa hiyo aingie wa mwisho.

Konokono wa montipora

Ni weupe, wana manyoya mgongoni, na ni wadogo kuliko punje ya mchele. Mchana hukaa upande wa chini wa sahani ya montipora, na hapo ndipo hutaga vishada vyeupe. Dalili ni ule ukingo mweupe, mara nyingi kutoka chini na pembeni.

Utaratibu ni uleule wa acropora, lakini hapa mswaki una kazi kubwa:

- Inua kila montipora, sugua upande wa chini kwa mswaki mpya mpaka kiunzi kiwe safi.
- Chovya, suuza, rudia kila siku 5 hadi 7 kwa wiki 6.
- Montipora iliyotambaa mwambani, toa na mwamba wake. Kama mwamba ni mkubwa mno, ziba upande uliokufa kwa gundi ya epoksi ili mayai yafungiwe ndani.

Kosa la kawaida ni kutibu sahani ile iliyoathirika na kuiacha montipora ya upande wa pili wa tangi kwa kuwa "iko mbali".

Zoa, na onyo ambalo lazima ulisome

Zoantho, ambazo wafugaji huziita zoa, nazo zina walaji: konokono wasio na gamba waliovaa rangi ya zoa zenyewe, na konokono mwenye gamba bapa la duara lenye vibao vyeusi na vyeupe. Huyo wa gamba mtoe kwa mkono. Wengine watibu kwa kuchovya na kupiga mswaki kwa upole.

Lakini kabla hujagusa zoa, soma haya. Baadhi ya zoa na jamaa zake wa Palythoa wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazojulikana katika maumbile. Ilitengwa na wanakemia wa Hawaii mwaka 1971, kutoka Palythoa iliyochukuliwa kisiwani Maui. Mwaka 2018, huko Steventon nchini Uingereza, familia ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha tangi lao, na baadhi ya waliokuja kuwasaidia wakafuata.

- Usichemshe mwamba wenye zoa. Kamwe. Usiumwagie maji ya moto, usiuweke kwenye oveni, usiusugue ukiwa mkavu. Mvuke na vumbi ndivyo vinavyobeba sumu hadi kwenye mapafu.
- Vaa glavu za nitraili na miwani ya kufunika macho. Zoa zikikatwa hurusha maji.
- Usizikate ukiwa na kidonda mkononi, wala kwenye chumba cha kulala.
- Watoto, paka na mbwa wawe nje.
- Ukionja ladha ya chuma mdomoni, ukapata homa, kifua kubana au macho kuwaka, toka nje kwenye hewa na uende hospitali mara moja. Mwambie daktari jina hilo, palitoksini, kwa sababu huenda hajawahi kulisikia. Haina dawa ya kuipinga, hutibiwa dalili.

Anayekuambia kwamba ameshika zoa miaka kumi bila glavu na hajadhurika, anakueleza bahati yake.

Kunguni wekundu wa acropora

Hawa si kunguni; ni jamaa wa kamba, Tegastes acroporanus, wa nusu milimita, wa rangi ya njano wenye doa jekundu. Ukitazama tishu laini ya acropora kwa kioo cha kukuzia utawaona wakitembea. Hawaui haraka. Wanalifanya tumbawe lifunge polipu, lipoteze rangi, lisikue.

Dawa inayojulikana kuwamaliza ni milbemycin oxime, ile wanayopewa mbwa kuzuia minyoo ya moyo. Kwa kuwa inaua jamii ya kamba, itaua pia kamba wako, kaa wako na vijidudu vya kwenye mchanga. Ukiwa na acropora chache, zitibu nje ya tangi, kwenye ndoo, ukirudia baada ya wiki moja na tena baada ya nyingine. Dawa yenyewe ipate kwa daktari wa mifugo na umweleze unachotaka kuifanyia. Kuitia kwenye tangi zima ni hatua ya mwisho kabisa, na wengi wanaoichukua wangeweza kuiepuka.

Aiptasia: anemoni ya kahawia isiyoalikwa

Kwa mwenye tangi jipya huyu ndiye mgeni wa kwanza. Anafanana na mnazi mdogo wa kahawia, anachoma majirani, anaongezeka. Mtu akimwona wa kwanza hufurahi, maana ni kiumbe hai kilichojitokeza mwambani. Mwezi wa tatu furaha imekwisha.

Makosa mawili ndiyo yanayomzalisha:

- Kumkwangua au kumng'oa. Kila kipande cha mguu wake kilichobaki mwambani ni aiptasia mpya.
- Kumchokoza nusu nusu, kwa sindano isiyofika mdomoni au dawa kidogo mno. Anajikunja, anasambaza vipande, na wiki inayofuata una watano.

Wakiwa wachache, chini ya kumi hivi, waue mmoja mmoja:

1. Zima pampu zote.
2. Koroga hidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa, kwa maji kidogo yaliyochujwa ya RO mpaka iwe uji mzito. Tumia iliyouzwa kwa ajili ya matangi au ya daraja la chakula. Chokaa ya tambuu ya sokoni na ile ya kupaka ukuta hazina uhakika wa usafi.
3. Vuta kwenye bomba la sindano. Sogea polepole, asijikunje.
4. Jaza mdomo wake, kisha mfunike wote kwa uji huo.
5. Subiri dakika 15 hadi 20 kabla ya kuwasha pampu.

Vaa glavu, kwani chokaa hiyo inaunguza. Wawili watatu kwa siku katika tangi dogo wanatosha, la sivyo pH itapanda ghafla. Kama mwamba unatoka, utoe na umfanyie kazi nje.

Wakiwa wengi, sindano haitakufikisha popote. Hapo tafuta mlaji:

- Konokono Berghia. Hali kitu kingine ila aiptasia, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Hufanya kazi usiku na huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti; watu hukata tamaa wiki ya tatu, kabla hajazaliana. Samaki wanaowinda minyoo na baadhi ya kamba watamla. Aiptasia zikiisha atakufa njaa, kwa hiyo mpe mwenzako mwenye shida kama yako.
- Kamba wa Lysmata, mwenye mistari myekundu ya kunyooka. Hula aiptasia ndogo, na wengine hukataa kabisa. Usimchanganye na kamba mwenye nundu na macho makubwa, Rhynchocinetes: huyo hunyonyoa polipu za matumbawe. Tazama mgongo kabla ya kulipa.
- Kipepeo wa shaba mwenye pua ndefu, Chelmon rostratus. Mzuri kwa kazi hii, lakini hula kwa shida akiwa mgeni, anahitaji tangi kubwa lililokomaa, na wengi hufa mikononi mwa wanaoanza. Usimnunue kwa ajili ya aiptasia sita.

Mwisho, punguza chakula. Aiptasia hushamiri pale chakula kinapomwagwa.

Kwa ufupi: wengine wawili

*Konokono wa mrija.* Hujibandika mwambani ndani ya kijibomba kigumu na kutandaza utando wa kamasi unaokera matumbawe. Vunja bomba kwa koleo na uzibe tundu kwa gundi ya supaglu. Hakuna dawa ya kutia majini inayofaa.

*Minyoo bapa wekundu.* Hutanda juu ya mchanga na matumbawe kama madoa ya kutu na kuyazibia mwanga. Hawali tumbawe. Hatari yake iko kwenye kufa kwake: wakifa kwa wingi kwa pamoja hutoa sumu inayoweza kuua samaki. Kwa hiyo wanyonye kwa mpira mwembamba kwa siku kadhaa mpaka wabaki wachache, andaa mkaa wa kuchujia na maji ya kubadilisha yasiyopungua robo ya tangi, ndipo utie dawa.

Usiwaue hawa

Wafugaji wapya huua marafiki zao. Kabla ya kumtoa mtu, hakikisha si mmoja wa hawa:

- Minyoo wenye vinyweleo wanaoishi mchangani. Wengi hula mabaki. Kumkuta juu ya tumbawe lililokufa si ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeliua.
- Kaa wadogo wa Trapezia wanaokaa katikati ya matawi. Ni walinzi: humfinya yeyote anayekuja kulila tumbawe lao. Kaa wa kumwogopa ni yule mwenye manyoya na makucha yenye ncha nyeusi, anayezurura mwambani usiku.
- Vijidudu vyeupe vinavyorukaruka kwenye kioo. Ni chakula cha samaki.

Konokono mweupe mwenye gamba lenye vijivimbe, Drupella, usimhurumie. Ni mlaji wa matumbawe hata baharini. Mwaka 1994 mtafiti Tim McClanahan alichapisha taarifa za kuongezeka kwake katika miamba ya Kenya. Tangini ni rahisi, maana utamtoa kwa vidole.

Tangi likiwa na waharibifu, sema

Wafugaji hupeana vipande, na huo ndio uzuri wa ufugaji huu. Lakini kama tangi lako lina minyoo bapa, mwambie unayempa kabla hajapokea. Anayenyamaza kwa aibu hulipeleka tatizo kwenye matangi matano, na mwezi unaofuata linarudi kwake kwa kipande alichopewa yeye. Andika pia tarehe ya kila kipande kilipoingia na kilikotoka. Siku ya tatizo daftari hilo litakuonyesha mlango uliotumika.

Na usijaribu kukwepa haya yote kwa kwenda kuvunja kipande ufukweni. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kuyavusha mpaka kunahitaji kibali, na ndani ya hifadhi kama Malindi, Watamu, Kisite na Mafia kuyachukua ni kosa. Tena kipande cha baharini ndicho chenye wageni wengi zaidi.

Kinyume chake ni kibaya vilevile. Usimwage maji ya tangi, mwamba wenye aiptasia wala tumbawe usilolitaka baharini, kwenye mkondo au mtaro unaoelekea pwani. Venezuela wanalijua hilo: tumbawe laini la Unomia stolonifera, lenye asili ya Bahari ya Hindi na Pasifiki na lililofika kwao kupitia biashara ya matangi, limetandaa chini ya bahari katika hifadhi ya Mochima na kufunika matumbawe ya asili. Usilolitaka likaushe juani siku kadhaa, lifunge kwenye mfuko, ulitupe na taka za nyumbani. Zoa zisikaushwe wazi: zilowekwe kwenye jiki usiku kucha ndani ya ndoo yenye kifuniko, nje ya nyumba, na glavu zikiwa mkononi.